Ni Nani Aliyeigusa Bodi ya Saa ya Sala

Krrrap. Kimya. Krrrap tena, kama mtu anayemwaga mbaazi kavu kwenye sinia, akazizoa, akazimwaga upya. Sauti ile ninayo masikioni mpaka leo. Niliisikia nimesimama kichochoroni mtaani Kuze, Mji wa Kale, jua linaelekea kuzama, mkono wangu umeshafika kwenye mlango wa karakana yetu. Mlango ulikuwa umerudishwa. Saa zile hapakutakiwa kuwa na mtu ndani anayefanya kazi yoyote. Nikaurudisha mkono wangu polepole, nikajiambia: leo nimemshika.

Nitawaeleza nilimshika nani, lakini mniache nizunguke kidogo kwanza, maana nisipozunguka hamtaelewa kwa nini sikuusukuma ule mlango.

Wadogo zangu mnaokalia kiti changu sasa, najua mnanicheka kwamba nimestaafu kabla ya kuota mvi. Chekeni tu. Macho ndiyo yaliyostaafu, mimi nimeyafuata. Daktari aliniambia niache kutazama vitu vidogo kuliko punje ya mchele, na kazi yetu yote ni vitu vidogo kuliko punje ya mchele. Ndoto lakini hazijastaafu. Nikifumba macho bado naziona bodi kama ndege anavyouona mji: vichochoro vya shaba, kila kimoja kina mlango wa kutokea na mlango wa kuingilia, na umeme unapita humo ukipiga hodi nyumba hata nyumba. Nilikuwa nikimwambia Kadzo, mwenzangu wa karakana, mambo haya wakati anapiga solda, naye hunijibu bila kuinua kichwa, "Ndege wako asije akaninyea kwenye kazi."

Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo msitarajie niwapigie hesabu za umeme. Ninachoweza kuwafundisha ni kushuku. Fundi wa kuchora bodi asiyeshuku ni mtu wa hatari kuliko waya uliochubuka. Ila kushuku nako kuna adabu yake, na hilo ndilo lililonigharimu kulijua.

Karakana ya Mzee Abbas mnaijua. Wazee wake walitoka Gujarati zamani, yeye kazaliwa papo hapo Kuze, na Kimvita chake ni kizito kuliko changu. Anatengeneza saa za sala, zile zinazotundikwa ukutani msikitini zikiwaka tarakimu nyekundu: alfajiri saa ngapi, adhuhuri saa ngapi. Kila msikiti una yake unayoyataka. Hawa wanataka king'ora kidogo kabla ya kukimiwa sala, wale hawataki mlio wowote, wanasema mlio ni wa muadhini.

Zamani Mzee alikuwa akizichora bodi kwa kalamu ya wino mzito juu ya bamba la shaba, kisha analitumbukiza kwenye beseni la dawa ya rangi ya chai. Dawa inakula shaba yote isipokuwa ile iliyo chini ya wino. Zinabaki njia. Halafu anachukua mita, anagusa huku na huku, na mita ikilia anatikisa kichwa kwa kuridhika. Alinifundisha neno moja ambalo nimelibeba miaka yote: "Mita ikilia, njia ipo. Isipolia, hakuna njia. Mengine yote ni hadithi, mwanangu."

Kisha mpwa wake akaleta kompyuta na programu ya kuchorea, akanifundisha likizo nzima, akaenda zake Arabuni. Nikabaki mimi na mashine, tukitazamana.

Kwa asiyejua, mambo yenyewe ni haya. Kwanza unachora mpango: mguu huu wa kifaa hiki ukutane na mguu ule wa kifaa kile. Kisha unavipanga vifaa kwenye bodi, na programu yenyewe inavuta uzi mweupe mwembamba baina ya miguu inayotakiwa kukutana. Wewe kazi yako ni kupitisha njia ya shaba pale penye uzi. Njia ikifika salama, uzi unatoweka. Uzi ukibaki, kuna mahali hapajashikana. Ni rahisi hivyo, na ndipo watu wanapoharibikiwa.

Mimi niliharibikiwa mapema. Vile visahani vya bodi mnavyowekea vikombe vya kahawa pale karakana, mnadhani ni mapambo? Ni bodi zangu za kwanza. Niliamini macho. Kwenye skrini njia ilikuwa imefika kwenye mguu, imekaa vizuri, nikaagiza. Ziliporudi kutoka kiwandani ng'ambo, mita haikulia hata mara moja. Kumbe vile vifaa vya Mzee ni vya zamani, miguu yake imeachana kwa vipimo vya inchi, na mimi nilikuwa nimepanga vituo vya programu, zile nukta ambazo njia hukanyaga, kwa milimita. Njia ilisimama mlangoni bila kuingia. Uzi mweupe ulikuwepo, ila mfupi kuliko mguu wa sisimizi, huuoni mpaka uikuze picha mpaka uchoke. Mzee hakunigombeza. Kila mgeni akija, anamwekea kikombe juu ya ile bodi na kusema, "Hii kachora binti yangu. Inashika kahawa vizuri sana."

Basi tangu hapo nikawa mtu wa kushuku. Kabla ya kuvuta njia hata moja, shukuni vipimo. Njia ikikataa kusonga, inafika mahali inagonga kama pana ukuta usioonekana, msiitukane mashine. Mara nyingi ukuta mmeujenga wenyewe mlipoiambia njia zisikaribiane, au mko upande wa chini wa bodi na mguu uko upande wa juu. Na mashine ikisema hakuna kosa, iulizeni imeangalia nini. Huenda ilikuwa haijaangalia kitu.

Sasa turudi mlangoni.

Mwezi ule tulikuwa na kazi ya msikiti mmoja wa mtaani uliotaka saa mpya kabla ya Ramadhani. Bodi ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kuchora. Kila jioni baada ya alasiri nahifadhi mchoro, nazima skrini tu, naenda nyumbani. Kompyuta yenyewe tulikuwa hatuizimi, maana ilikuwa kuukuu, ikizimwa kuiamsha ni dua na maombi. Asubuhi moja nikawasha skrini, nikaona nyuzi nyeupe zimerudi pahala nilipomaliza jana. Nikajua nimepitiwa, nikatengeneza. Kesho yake zimerudi tena, pahala pengine. Siku nyingine kipande cha njia hakipo kabisa. Siku nyingine ndiyo ile iliyonitia baridi: njia zote zipo, zimefika kwenye miguu yote, shaba imegusa shaba, nimekuza picha nimeona kwa macho yangu, na bado nyuzi ziko pale, na programu inalia kwamba njia imeingia nyumba siyo yake.

Lililoniogopesha zaidi ni hili. Uharibifu ulikuwa ukinifuata. Jana nimemalizia pembe ya kulia, leo pembe ya kulia ndiyo imeharibika. Jana nimeishia karibu na tarakimu, leo ni karibu na tarakimu. Kana kwamba pana mtu anayesimama mgongoni mwangu akitazama ninaponyanyuka, kisha anakuja kubomoa pale pale.

Nikamwambia Mzee. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu.

"Mashine haina mkono," akasema. "Mkono ni wa mtu."

Na kulikuwa na mtu mmoja tu niliyejua kuwa hukaa peke yake na ile kompyuta. Kadzo.

Kadzo ni wa Rabai. Alikuja karakana kufagia, akawa anamtazama Mzee anavyopiga solda, siku moja akachukua chuma cha solda bila kuruhusiwa akaunganisha waya wa redio yake, Mzee akaona ile solda ilivyong'aa mviringo kama tone la asali, akamwambia aache ufagio. Ilikuwa ndiyo kazi ya kwanza maishani mwake anayoamka nayo kwa furaha, aliniambia mwenyewe. Alikuwa na ufunguo wa pili. Asubuhi yeye ndiye anayefungua, anafagia, anapasha moto vyuma vya solda kabla hatujafika. Na alikuwa na binamu yake Marikiti, kwenye kibanda cha watu walioanza nao kuuza saa za sala. Jambo hilo la binamu, hapo zamani halikuwa kitu. Sasa likawa kitu.

Mnajua shaka inavyofanya kazi. Kadzo akicheka, mbona anacheka? Akinyamaza, ana nini? Alikuwa akipenda kuja nyuma yangu kutazama skrini na kuuliza, "Na uzi huu waenda wapi?" Mimi nikaanza kuigeuza skrini upande. Akaona. Siku hiyo hakuuliza tena, na mimi nikahesabu kule kutouliza kuwa ni dalili.

Mzee hakungoja. Alimwita, nami nikiwepo.

"Kadzo, lete ufunguo."

"Ufunguo wa nini, Baba?"

"Wa mlango. Kuna mtu anaharibu mchoro. Jumamosi tutamaliza hesabu yako. Mimi na wewe hatuna ugomvi."

Kadzo alitutazama mmoja mmoja. Akautoa ufunguo kwenye leso, akauweka mezani bila kuutupa. "Mulungu wangu," akasema. "Saa yenyewe ya kuswalia, nami hata kuswali siswali. Nitaiharibu nipate nini? Mwataka nichelewe kwenda kanisani?"

Nilitaka kucheka na kulia. Sikufanya hata kimoja.

Kesho yake asubuhi Mzee ndiye aliyefungua mlango. Kadzo alimkuta ndani. Nikawasha skrini: nyuzi zimerudi. Nikamwita Mzee nikamwonyesha, moyo umeshaanza kufunguka, maana ufunguo ulikuwa mfukoni mwake usiku kucha.

"Basi kachonga mwengine," akasema Mzee, akaenda zake.

Hapo ndipo nilipoanza kuishuku shaka yenyewe. Mtu akinyang'anywa ufunguo na bado akahukumiwa kwa ufunguo ambao hakuna aliyeuona, hiyo siyo tena kazi ya ufundi. Nikajiambia, rudi kwenye mita. Kinacholia kipo, kisicholia ni hadithi. Nikakaa mbele ya mchoro, na kabla ya kutengeneza chochote, nikatazama tu.

Kando ya jina la faili palikuwa na kinyota. Kinyota kile maana yake mchoro umeguswa na haujahifadhiwa. Nilikuwa nakiona kila asubuhi, sijawahi kukiuliza kitu. Sasa nikakiuliza. Mtu wa hila, aliyekuja kwa nia, ataharibu halafu asihifadhi? Mchoro wangu wa jana ulikuwa salama ndani ya kompyuta. Kilichoharibika ni kile kilichoachwa wazi kwenye skrini. Huyu adui yangu hakujua hata kuhifadhi. Na Kadzo alijua, nilimfundisha mwenyewe, tukicheka.

Kisha nikatumia amri ya kutendua. Kila ukiibonyeza, programu inarudi hatua moja nyuma na kukwambia ni hatua gani. Wadogo zangu, msipokumbuka lolote, kumbukeni hili: kabla ya kurekebisha, tendueni, muone mkono uliotangulia ulifanya nini. Nikabonyeza. Ikaniambia: zungusha. Nikabonyeza. Zungusha. Ikaisha, kinyota kikafutika, na nyuzi zikatoweka zote.

Rezista moja, kile kifaa kidogo cha kubana umeme, pale nilipoacha mshale wa mausi jana, ilikuwa imezungushwa robo, na robo tena. Na rezista ina miguu miwili, haina kichwa wala mkia. Ukiigeuza nusu duara inaonekana vile vile ilivyokuwa, ila mguu wa kushoto sasa uko kulia, na njia zinagusa miguu siyo yake. Ndiyo maana shaba iligusa shaba na bado mashine ikalia. Herufi moja tu ya kibodi ndiyo inayozungusha kifaa, kile kilicho chini ya mshale. Na kitufe kingine kinafuta. Basi uharibifu haukuwa ukinifuata mimi. Ulikuwa ukiufuata mshale nilipouacha.

Kitu fulani kilikuwa kinabonyeza kibodi changu skrini ikiwa imezimwa. Lakini nini? Nilishuku paka, nikatazama unyoya, hakuna. Nilishuku panya. Nilishuku, Mungu anisamehe, hata jini.

Ijumaa hiyo nilisahau miwani yangu karakana. Nikarudi karibu na magharibi kuifuata, na ndipo niliposikia: krrrap. Kimya. Krrrap.

Mlango una ufa, mnaujua, pale ubao ulipokauka. Nikaweka jicho.

Mzee Abbas alikuwa peke yake. Ameketi kwenye kigoda, kofia yake ya kazi ya mkono kichwani, kanzu ameikunja magotini, mkononi ana kitambaa cha fulana kuukuu chenye tone la mafuta. Mbele yake koleo zake zote, bisibisi, mita, zimepangwa kama watoto walioogeshwa. Nyinyi wa leo hamjui chumvi ya bahari inavyokula vyuma Mji wa Kale. Usipovifuta jioni, baada ya muda koleo haifunguki. Yeye alikuwa akivifuta kila siku tangu ujana wake, tukishaondoka, na hakuna aliyewahi kumwona. Akamaliza mita. Kisha akasogea kwenye meza yangu, na kwa kitambaa kile kile, kwa upole ule ule, akakipitisha juu ya kibodi, kwenda na kurudi. Krrrap. Akapuliza vumbi. Krrrap. Kwake yeye ilikuwa ni zana kama zana nyingine, tena ya bintiye, nayo isiliwe na chumvi.

Sikuingia. Miwani niliiacha. Nilirudi nyumbani sijui nifanye nini. Kumwambia faragha ilikuwa rahisi, na ningeilinda heshima yake. Lakini Kadzo alishutumiwa waziwazi, mimi nikiwa shahidi. Akisafishwa kwa kunong'onezana, doa litabaki pale pale.

Jumamosi Kadzo alikuja na aproni yake imefuliwa na kukunjwa, tayari kuirudisha. Nikawasha skrini, nikaweka mshale juu ya rezista, nikamwomba asimame karibu. Kisha nikaita.

"Baba Abbas, niwie radhi, hebu nipangusie kibodi hiki. Kina vumbi, na mkono wangu hauna upole kama wako."

Alikuja. Alikichukua kitambaa chake msumarini bila kushuku kitu. Macho yake yalikuwa kwenye vitufe; ni sisi tuliokuwa tukitazama skrini. Krrrap, rezista ikalala upande. Krrrap, ikageuka kabisa, na nyuzi nyeupe zikaruka kama mtu aliyeshtuliwa.

"Baba," nikasema, "inua kichwa utazame."

Akatazama. Nikatendua, nikamwomba apanguse tena. Akapangusa kidogo tu, kwa kidole kimoja, kama anayegusa chungu cha moto. Rezista ikageuka. Alibaki na kitambaa hewani.

Kadzo ndiye aliyesema kwanza. "Ala! Kumbe jini la kompyuta lavaa kofia ya kazi ya mkono."

Mzee hakucheka. Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akamwekea Kadzo juu ya ile aproni iliyokunjwa. "Niwie radhi, mwanangu," akasema. "Mkono ulikuwa wangu."

"Yamekwisha, Baba," Kadzo akamjibu. Akaivaa aproni pale pale, akaenda kuwasha chuma cha solda. Lakini yalichukua muda kuisha kweli, msidanganyike. Kwa muda mrefu hakuja nyuma yangu kuuliza uzi unakwenda wapi, na ilibidi mimi ndiye nimwite, nimwache kiti, nimwambie, "Uvute wewe huu."

Saa ya sala ilikamilika, inawaka mpaka leo. Lakini si hilo linalonirudia. Ni kwamba tangu Jumamosi ile Mzee hakukigusa tena kibodi. Alikuwa akifuta koleo zake, akifika kwenye meza yangu anaipita kwa mbali, mikono nyuma, kama mtu anayepita nyumba aliyofukuzwa. Baadaye nikaona herufi za pembeni zimeanza kukwama. Chumvi.

Basi jioni moja nilijifanya nina kazi ya kumalizia. Kadzo akaondoka, Mzee akaenda msikitini. Nikahifadhi mchoro, nikachomoa waya wa kibodi nyuma ya kompyuta, vitufe visiuguse mchoro. Nikakichukua kile kitambaa cha fulana msumarini, nikatia tone la mafuta, nikapangusa kwenda na kurudi, vile vile alivyokuwa akipangusa yeye. Kisha nikakitundika kitambaa pale pale, upande ule ule aliouzoea Mzee, nikarudisha mlango.